Chusa Kilichoning'inia Sebuleni kwa Baba

Jumapili, saa kumi na moja jioni, Ifakara.

Mvua haijakata tangu tulipotoka misa ya kwanza. Mto Lumemo umejaa, vyura wa uani wanapiga kelele utadhani wamelipwa, na mimi nimekaa barazani na laptop mapajani, nina aibu. Nimetafuta neno la heshima zaidi, kama majuto au huzuni, lakini hayo ni maneno ya mtu ambaye hajafanya nilichofanya mimi.

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwenye blogu habari ya Kivukoni na watu wake. Wengi mliisoma, mkanisifu, nami sifa hizo nilizila zote, sikubakiza.

Nilianza na mji mmoja wa ng'ambo niliousoma mtandaoni, mji wa bandari ambao wanaume wake waliishi kwa kuwinda nyangumi. Walitoka na mashua ndogo, chusa mkononi, wakamfuata mnyama anayeizidi nyumba kwa ukubwa. Siku hizi hawawindi tena. Meli zimeondoka, na mji unaishi kwa kusimulia: wajukuu wanawaonyesha wageni vyusa vya babu zao vilivyotundikwa ukutani. Nilipofika hapo kwenye vyusa nikacheka peke yangu dukani kwangu. Nikasema, kumbe hawa ni Kivukoni kabisa, tofauti ni chumvi kwenye maji tu.

Nikaieleza Kivukoni yetu. Pantoni lilipokuwa bado linavusha, malori ya mpunga yalipanga foleni tangu alfajiri, mama lishe wanakimbilia madirisha na sahani za wali na kambale, Wasukuma wanabishana namna ya kuvusha ng'ombe, na mtu anayeharakisha analala hapo hapo bila kupenda. Sasa kuna daraja. Magari yanapita juu bila hata kupunguza mwendo, na chini wamebaki wavuvi, wauza samaki na sisi wenye kumbukumbu.

Kisha nikafika kwenye viboko. Hapo ndipo nilipojiachia.

Enzi za babu, viboko walipozidi kumaliza mpunga mbugani, bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, alitoa kibali, na wavuvi wenye moyo wakaingia mtoni. Mtumbwi mmoja watu wawili, wa pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, nyuma, na wa chusa mbele. Chusa ni chuma chenye meno yanayokataa kurudi nyuma, kimefungwa kamba, na mwisho wa kamba kuna kigogo chepesi kinachoelea, ili mnyama akizama mjue alipo. Kila mwindaji alikata alama yake kwenye shingo ya chuma. Kiboko akivutwa ufukweni, alama ndiyo ilisema nani alimpiga kwanza. Huyo alipewa kichwa cha mnyama, na chusa chake kilibebwa juu, wazi, kutoka majini hadi mlangoni kwake huku wanawake wakipiga vigelegele. Kuanzia siku hiyo aliitwa Mpigaji, na watoto wake wakawa watoto wa Mpigaji.

Mimi ni mjukuu wa Mpigaji.

Niliandika jinsi babu yangu Alfonsi alivyompiga yule kiboko mkubwa ambaye bado anasimuliwa. Niliandika kwamba siku hiyo Mzee Klemensi, rafiki yake, alipinduliwa mtumbwi akafa, na chusa chake kikazama naye. Niliandika kwamba babu alikataa kubeba chusa chake juu, akisema hawezi kushangilia wakati mwenzake hajazikwa. Nikamsifu kwa utu wake. Mstari huo ndio mlioupenda kuliko yote. Chini yake nikaweka picha ya chusa chenyewe, kile kinachoning'inia sebuleni kwa baba.

Sasa nakiri, na naomba msiruke aya hii.

Kabla ya kukipiga picha nilikisafisha kwa msasa na mafuta ya taa. Shingoni kilikuwa na ukanda wa ngozi mkuukuu, umekauka kabisa. Niliukata kwa sababu ulikuwa unaharibu picha. Chini yake zikatokea alama: mikato mitatu iliyosimama, na mmoja umelala juu yake. Alama ya babu naijua tangu utotoni, ni duara lenye msalaba ndani. Iko kwenye kinu chetu na kwenye fremu ya mlango wa baba. Nilisimama pale na msasa mkononi kwa dakika nzima. Nikakumbuka pia kitu alichowahi kuniambia bibi nilipokuwa na miaka kama kumi, nikitaka kukishusha ukutani nikichezee. Aliniambia, "Kiache. Hicho si cha nyumba hii."

Nilielewa. Sitaki kusema sikuelewa.

Lakini habari ilikuwa imeshakaa vizuri kichwani, ina mwanzo, ina shujaa, na shujaa ni wa kwetu. Nikapiga picha.

Alhamisi mchana nipo steshenari kwangu, akaingia Mama Yustina. Huyu ni binti wa marehemu Klemensi. Anauza samaki pale Kivukoni, na mimi nimekula samaki wake tangu sijaota meno ya ukubwani. Binti yake anaishi Mkula, ndiye aliyemtumia ile picha kwa WhatsApp. Mama Yustina akanipa simu, akasema anaomba nimtolee hiyo picha kwenye karatasi, kubwa, ya rangi.

Mimi nikafurahi. Kumbe hadi Kivukoni wananisoma! Nikamtania, nikamwambia, "Mama, unataka kuitundika ukutani?" Akasema ngoja kwanza itoke.

Ilipotoka aliilaza kaunta, akafungua kikapu chake, akatoa kisu cha kuparia samaki. Mpini wake ni wa mti, mweusi kwa mafuta na miaka. Akakilaza juu ya karatasi, ubavuni mwa chuma.

"Mwanangu, hebu tazama hapa. Halafu tazama hapa."

Mikato mitatu imesimama, mmoja umelala juu.

"Mpini huu aliuchonga baba," akasema. "Mimi siku hiyo nilikuwa mgongoni kwa mama. Tuliambiwa chuma chake kimezama naye. Mama yangu amekufa anajua hivyo."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nilimwambia, "Labda alama zilifanana, mama. Zamani watu walikuwa wengi."

Hakubisha. Alikunja karatasi yake mara nne, akaitia kikapuni pamoja na kisu, akasema, "Haya, mwanangu. Ubaki salama." Nikabaki salama kweli, nimesimama nyuma ya kaunta, nikijifanya napanga bahasha.

Mngesema basi imetosha. Haikutosha. Ijumaa asubuhi niliingia humu nikaikata ile picha. Niliibakiza ncha na meno, nikaitoa shingo. Msomaji mmoja aliuliza mbona picha imebadilika, nikamjibu kwamba ya kwanza ilikuwa nzito kufunguka kwenye simu.

Babu aliifunika alama ile kwa ngozi. Mimi nimeifunika kwa kompyuta. Angalau babu alikuwa na kisingizio kwamba hakusoma.

Leo baada ya misa nilikwenda kwa baba. Ni mzee sasa, magoti yanamsumbua, lakini kichwa kiko sawa kuliko changu. Miaka yake yote ya kufanya kazi kwenye pantoni, akifunga minyororo ya malori, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mtoto wa Mpigaji, na aliitika kifua mbele. Nilijua ninachokwenda kumnyang'anya.

Nilimwamkia, nikaketi, nikamuuliza moja kwa moja kile chusa ni cha nani.

"Aliyeandika ni wewe," akanijibu. "Mimi nilikutuma?"

"Hukunituma, baba."

"Basi ungeniuliza kabla."

Akauvuta mkongojo wake karibu. Kisha akaanza kusimulia huku ameuangalia ukuta. Siku ile yeye ndiye aliyemshikia babu pondo. Alikuwa kijana aliyeota ndevu juzi tu. Klemensi ndiye aliyepiga kwanza, akapatia. Kiboko akaupindua mtumbwi wake. Mwenye pondo wa Klemensi aliogelea kuokoa roho yake, hakuona kama chusa kilipata wala kilichofuata. Babu akatupa chusa chake, kikamkosa mnyama, na katika purukushani ile kamba ikakatika. Kilichozama kilikuwa cha babu.

Kesho yake asubuhi yeye na babu ndio waliomkuta kiboko amekufa kwenye matete, ana chuma kimoja tu mwilini. Babu akakitoa. Akamwambia mwanawe, "Kifunike."

"Nikakata matete nikakifunika kwenye sakafu ya mtumbwi," baba akasema. "Ndiyo maana hakikubebwa juu. Watu wakaona ni huruma. Mzee akaiacha iwe huruma."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hata baada ya babu kufa.

"Ningemwambia nani? Watu walishazoea. Na mimi nilishazoea."

Alilia, baba yangu. Sikuwahi kumwona akilia. Nilitaka kumwambia chochote cha kumfariji, lakini kila sentensi iliyonijia ilikuwa nzuri mno, ya kwenye blogu.

Nikamwambia nakwenda kwa Mama Yustina. Hakusema nenda, hakusema usiende.

Nilipanda bajaji hadi Kivukoni, tope lote likanipata. Nilimkuta Mama Yustina chini ya kibanda chake cha bati akipara perege, kwa kisu kile kile. Nilipiga magoti na gauni langu kwenye magamba ya samaki. Nikamwambia yote: chuma ni cha baba yake, mimi nililijua hilo kabla ya kuandika, na baada ya yeye kuja dukani niliikata picha. Hiyo ya mwisho alikuwa haijui. Nilitamani kuiacha, lakini niliona nikianza kuchagua tena nitarudi kule kule.

Aliendelea kupara. Wanawake wa vibanda vya jirani walinyamaza kwa heshima ya watu wanaosikiliza kila neno.

"Baba yako anasemaje?" akauliza.

"Amekubali ni kweli. Alikuwepo."

"Najua alikuwepo."

Akamaliza samaki yule, akachukua mwingine.

"Mimi sitaki kichwa cha kiboko," akasema. "Hicho mlishakila. Sitaki hata unipigie magoti, inuka, unachafua gauni. Nataka chuma cha baba."

"Nitakuletea kesho asubuhi, mama. Nitakifunga vizuri kwenye kanga."

Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza.

"Usikifunge. Kiliondoka hapa kimefunikwa. Kirudi kinaonekana. Utashukia pale lilipokuwa linafunga pantoni, utakibeba juu, mchana, upite mbele ya watu hawa wote mpaka mlangoni kwangu. Wakikuuliza ni cha nani, uwaambie."

Nikasema sawa, mama.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nahesabu vibanda. Kutoka ufukweni hadi kwake kuna watu wanaonijua mimi, wanaomjua baba, waliokuwa wakimpisha akae kwenye benchi kwa sababu ya jina lile. Nitapita mbele yao na chuma juu kichwani, nikitangaza wizi wa nyumba yetu. Naogopa, sitaficha. Nimeomba hata mvua izidi watu wajifungie ndani, halafu nikajishika: hata maombi yangu yanatafuta cha kufunikia.

Picha nzima nimeirudisha. Iko pale pale kwenye habari ya Kivukoni, shingo na alama zake. Habari yenyewe sitaifuta, maana kufuta ni ujanja mwingine. Nimeandika juu yake, kwa herufi kubwa, kwamba aliyempiga kiboko yule ni Klemensi, na kwamba mwandishi alijua. Yule msomaji aliyeuliza kuhusu picha, samahani. Haikuwa nzito kufunguka. Nilikudanganya.

Nilirudi kwa baba kabla ya kuja kuandika haya. Nilimweleza masharti ya Mama Yustina bila kupunguza neno. Nikamwambia asijali, nimeshapanga kwenda peke yangu, magoti yake hayawezi tope la ufukweni, na kwa kweli aliyetundika jambo hili mtandaoni ni mimi. Niliposimama kukishusha chusa aliniambia nikiache, kikae ukutani mpaka asubuhi. Nikaona ndiyo basi, amekataa. Nikaja kukaa hapa barazani kwake, nikaanza kuwaandikia.

Sasa hivi, nikiwa kwenye mistari hii, ametoka chumbani kwa mkongojo wake. Ameniuliza kama umeme upo. Nimemwambia upo.

Amenipa shati lake jeupe, lile la kanisani, akasema nimpigie pasi, la kwendea Kivukoni kesho.