Nusu Sita za Sambaza

Mjukuu wangu Neema,

Natumaini u mzima huko Kinshasa. Hapa Bukavu mvua inanyesha kila alasiri, tonton, mjomba wako, amepata kazi Kavumu, na paka wako amezaa.

Umeniuliza kwa nini tatu kugawanya kwa nusu ni sita, ukasema usipoelewa kabla ya mtihani utaacha hesabu. Nilipokuwa na umri wako, mimi niliandika moja na nusu ubaoni, darasa zima likacheka.

Siku ileile nilikwenda soko la Nyawera kumsaidia mama kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Jioni beseni lilibaki na makopo matatu tu, na wanunuzi walikuwa sita.

"Maman, haitatosha," nilinong'ona.

"Pima nusu kopo kwa kila mutu."

Nilipima nikimhurumia mama mjamzito aliyesimama nyuma ya wote. Zamu yake ilipofika, nusu yake ilikuwepo.

"Iko sita!" nikapiga kelele.

"Huyu mutoto iko na homa?" akauliza yule mjamzito. Wote wakacheka, nami nikacheka nao.

Kumbe kugawanya kwa nusu si kukata kitu katikati. Ni kuuliza zimo nusu ngapi ndani yake.

Bado namwona yule mjamzito akiondoka mvuani, samaki wake wamefungwa katika jani la ndizi. Nawe usitoke kwenye mstari, Neema. Zamu yako haijafika tu.

Akupendaye,
Bibi yako