Mchumba Wangu Amesema Shamba la Baba Limechachuka

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kwetu posa imekwama shambani. Mimi ni fundi cherehani, mchumba wangu ni bwana shamba, na siku alipokuja kujitambulisha baba alimpokea vizuri, wakala, wakacheka, kisha baba akalalamika kwamba mahindi yake yanadumaa ingawa kila msimu anaongeza mbolea ya dukani, basi huyu mwenzangu badala ya kusema pole akatoka na viatu vyake vya ugenini, akachota udongo, akaupima, akarudi kutangaza mbele ya wajomba, "Mzee, udongo umechachuka. Mbolea hiyo moja ya miaka yote imejaza tindikali, sasa mizizi inashindwa hata kula unachoiwekea." Baba akasimama: "Binti yangu nikupe, na shamba langu ulitukane?" Posa ikaishia hapo. Mama naye kimyakimya akafuata ushauri, akachanganya chokaa ya kilimo na samadi kwenye kipande chake cha maharage, na msimu huu yamestawi hadi majirani wanasimama kutazama, lakini baba akipita pale anageuza shingo. Anasema nichague, yeye au "huyo daktari wa matope". Nawapenda wote, nifanyeje?
Fundi Njia Panda

Fundi, pole, ingawa nimecheka hadi chai ikanipalia. Mchumba wako ana akili ya shambani, ya sebuleni bado. Nani anampimia mkwe udongo siku ya posa? Lakini alichosema ni kweli. Mbolea ya dukani si sumu, imewalisha nyinyi. Ila aina ileile, mwaka nenda mwaka rudi, bila samadi wala chokaa, huchachusha udongo polepole, na kuizidisha ni kumlazimisha mgonjwa wa tumbo ale sahani ya pili.

Baba yako hakukasirikia tindikali. Alisikia kwamba jasho lake la miaka yote ni kosa, tena mbele ya shemeji zake!

Basi kijana arudi bila hadhara, aombe radhi kwa namna alivyosema, si kwa alichosema. Aje na mfuko wa chokaa begani, mzee achague mwenyewe kipande cha kujaribia, waichanganye na udongo kabla ya mvua, kwa kiasi cha vipimo, maana ikizidi nayo huharibu. Mama aache kunong'ona, amshike mumewe mkono ampeleke kwenye maharage mchana kweupe.

Na wewe usichague mtu. Vaa nguo za kazi, shika jembe, lima katikati yao. Wanaume wakishachoka pamoja, mahari hujadiliwa kwa sauti ya chini.