Panda Kichwani Mwangu

Chengdu

Mdogo wangu Suyun,

Pokea salamu za moyo wangu wote. U mzima? Cherehani za huko Guangzhou bado zinawanyima usingizi? Mama anakusalimu na anakulaumu kwamba hupigi simu. Utaona herufi zangu zinayumba, lakini huu ni mkono wangu mwenyewe, na hiyo peke yake ni habari.

Unajua nilivyokuwa. Mvuta tambi, anayenyoosha unga uliokandwa hadi uwe nyuzi, hana mtaji ila mikono, na yangu ilitetemeka hadi unga ukawa unanikatikia mbele ya wateja. Bosi Tan wa mkahawani akaniambia nisipopona nikatafute kazi ya kufagia. Mjomba naye akashikilia kwamba hii ni pombe tu, asidanganywe mtu. Mama hakumsikiliza. Unamjua, kwake chakula chenye umbo la kiungo hutibu kiungo hicho. Basi kila asubuhi akanilisha jozi, zile kokwa za ganda gumu, kwa kuwa zina mikunjo kama ubongo, na jioni maini ya nguruwe ya kuongeza damu. Nikazidi kudhoofika, naye akazidi kupakua.

Hospitalini nikaingizwa kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Madaktari wawili vijana wakaona weupe usio wa kawaida ndani kabisa, kulia na kushoto sawasawa. Mmoja akadai ni kiharusi, mwingine akadai ni sumu. Ndipo akaja Daktari Qiu, mama mfupi mwenye koti lenye madoa ya chai. Suyun, sijapata kuona mtu anayejua kutazama vile! Aliinamia picha muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akacheka, akaniita, "Njoo kijana, umemficha nani humu?" Akanionyesha kwa kidole uso mweupe, macho meusi, masikio meusi. Panda, yule dubu wetu, amekaa katikati ya ubongo wangu! "Wenzako wanakata tiketi kumwona," akasema, "wewe unatembea naye bure."

Akanimulika machoni, akaona duara la rangi ya kahawia lisilo la kawaida, limezunguka ukingo wa mboni. Akauliza ninakula nini. Mama akajibu kwa fahari, jozi na maini. Daktari akamshika mkono taratibu, akamweleza kwamba mwili wangu hauwezi kutoa shaba iliyomo kwenye vyakula, inajazana kwenye ini na ubongo, na vyakula hivyo viwili vimejaa shaba. "Umempikia kwa upendo, dada yangu, ila aliyekuwa akishiba ni panda." Mama alilia sana. Vipimo vya damu na mkojo vikathibitisha. Sasa nameza dawa, nitazimeza maisha yangu yote, na nimeanza tena kukanda unga. Namheshimu mwanamke yule kuliko ninavyoweza kuandika.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya kumsifu. Daktari Qiu alisema ugonjwa huu hurithiwa, na ndugu wa tumbo moja anaweza kuwa nao. Nikakumbuka Mwaka Mpya, ulipommiminia mjomba chai ikamwagikia mezani, akakutania kwamba na wewe umeanza kulewa. Tulicheka sote. Suyun, naogopa.

Zile jozi alizokufungia mama, usile hata moja. Njoo upimwe. Daktari anasema ukigundulika mapema, mikono yako haitafika ilikofika yangu.

Wasalimie wenzako wa kiwandani, uwaage. Tunakungoja hapa, mimi, mama na panda.

Kaka yako akupendaye,
Luo Jianhe