Jina la Mama Ndani ya Kazi ya Nurdine

Ngojangoja huponya matumbo. Ndivyo ulivyoupindua msemo wa wahenga, Nurdine, na mwaka umetimia tangu homa ikuchukue, tukakulaza Quionga kwa wazee wako.

Meli za kutafuta gesi zilipoanza kuonekana Palma, kila mwenye pensão, nyumba ya kulala wageni, alitaka tovuti. Wewe uliwatengenezea programu-jalizi, vile vipande vinavyopachikwa kwenye tovuti ili mgeni achague chumba akiwa mbali. Hukugusa kamwe tovuti iliyo wazi kwa watu. Ulifanya nakala yake nyumbani, ukaijaribu, ukaivuruga makusudi, ndipo ukapeleka kazi. Chai ilipoa pembeni. Mkeo Zuleica aliacha kuipasha.

"Vijana wote wa hapa wakiandika kipande cha kupokea wageni, hukiita reserva," ulisema. "Reserva wawili wakikutana nyumba moja, tovuti inazimika. Mtoto akipotea mtaani tunaulizaje? Wa mama gani huyu?" Basi kila kipande ulikipa jina la mama yako, Sumaia, mbele: sumaia_reserva, sumaia_chumba.

Mama alicheka. "Umenizalisha uzeeni!"

Ulipoondoka, dada yako Chamima alishika kazi. Senhor Custódio, mwenye pensão, akanunua programu-jalizi ya malipo kwa fundi mwingine, nayo ilikuwa na kipande chake kiitwacho reserva. Alitaka iwekwe siku hiyohiyo, na jina la mama lifutwe kwenye vipande vyako.

"Mana Chamima, dada yangu, wageni wangu ni wa gesi. Mama yenu wa Quionga anafanya nini humo?"

"Anashikilia nyumba isianguke, senhor. Ngoja nijaribu kwenye nakala."

"Kungoja! Marehemu mkaidi, dada mkaidi."

Chamima alilifuta jina kwenye nakala tu. Reserva wawili wakakutana, ukurasa ukabaki mweupe, mtupu. Akalirudisha jina, programu zote mbili zikafanya kazi. Ndipo akaziweka kwenye tovuti yenyewe. Kwa kungoja huko, kundi moja la wageni lilikwenda kulala kwingine. Hilo hatulifichi.

Tunaokuombea ni mama yako Sumaia, mkeo Zuleica, dada yako Chamima na mdogo wako Fauzi. Kila mgeni anapochagua chumba, jina la mama linaitwa, nawe unakumbukwa. Halitafutwa maadamu tupo.

Senhor Custódio ametuma neno: atakuja kwenye hitima yako tukimwomba radhi. Wali utapikwa, mkeka utatandikwa. Radhi hatuombi.