Mume Wangu Anataka Mdhamini Mwingine

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako kabla sijakata kitambaa ambacho hakitaungika tena, maana mimi ni fundi nguo, nashona sare za shule hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele ni cha cherehani na cha nyuma ndicho tunacholala mimi, mume wangu na binti yetu, na tatizo langu ni huyo mume, ambaye si raia wa hapa, alikuja kumtembelea kaka yake, akaniletea suruali nimpunguzie kiuno, nikampunguzia, na hajaondoka mpaka leo.

Tulipooana tulikwenda uhamiaji akapewa kibali cha kuishi kama mwenzi wa raia, na kwa kuwa kibali hicho kinasimama juu ya jina langu, karani wa dirishani alikuwa akiniita mdhamini, mara mdhamini asogee, mara mdhamini asaini hapa, na mume wangu, ambaye Kiswahili chake wakati huo kilikuwa bado kinatambaa, akadhani hilo ni neno la heshima la kumwita mke. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Mdhamini wangu, chai iko tayari." Nilicheka mpaka nikakaa chini, na sikumsahihisha. Baadaye alijua maana yake lakini hakuliacha, na mpaka leo akinuna naitwa Mama Fulani kama jirani, akifurahi naitwa Mdhamini.

Sasa kibali hicho kinamruhusu kuishi, hakimruhusu kufanya kazi, na mume wangu ni mwokaji mikate tangu ujana wake huko kwao, lakini hapa amekaa miaka yote hii akinishonea vifungo na kumpeleka mtoto chekechea, na kaka zangu wamempa jina la Mgeni wa Kudumu, naye hucheka pamoja nao, ila mimi namjua, siku akicheka hivyo chakula hakigusi.

Mtaa wa pili kuna mjane mwenye tanuri la mikate. Si mzee, Mshauri, angekuwa mzee nisingekuandikia. Ana shingo ndefu na sauti ya kuamrisha, na akicheka foleni nzima inageuka. Mwokaji wake aliugua, mume wangu akaenda kununua mkate akakuta unga umekandwa ovyo, akavua saa akaingia jikoni, na tangu siku hiyo huondoka alfajiri, ananiambia anakwenda kusaidia tu, halipwi kitu, anarudi na mikate miwili kwapani. Nimeula mkate wa mwanamke yule mpaka umenikaa kooni, na ubaya wake ni mtamu.

Nimeanza kumkagua mume wangu kama sare ya mteja mkorofi. Siku moja alirudi na unga mgongoni, katikati kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, nikajiuliza ni mkono wa nani uliomgusa pale. Siku iliyofuata mgongo ulikuwa safi, mbele kumejaa unga, nikajiuliza ni nani aliyempangusa. Usingizi umenihama. Napita mbele ya duka lile nikijifanya natafuta uzi, na uzi ninao wa kushonea jeshi zima.

Halafu wiki iliyopita amerudi uso unang'aa, akanishika mikono yote miwili akasema, "Yule mama ameipenda kazi yangu. Anataka kuniombea kibali cha kazi. Yeye ndiye atakuwa mdhamini wangu."

Mshauri, kwingine hayo ni maneno ya ofisini. Kwa lugha ya nyumba yangu, mume wangu alinitazama machoni akaniambia anaoa. Nikamwambia, "Rudia." Akarudia polepole, silabi kwa silabi, akidhani sijasikia.

Kibali chake cha kuishi kinakwisha mwisho wa mwezi huu na hakiongezwi mpaka niende mwenyewe dirishani nikasaini. Ameniomba kwa adabu, ameniomba tena, nami namjibu kwamba shule zinafunguliwa na sare zimenielemea. Ukweli ni kwamba sare zimekwisha, zimetundikwa. Dada yangu mkubwa ananiambia, "Usiende. Kibali kikifa ndipo atakujua wewe ni nani. Na huyo mama wa mikate, uhamiaji wakinong'onezwa kwamba anamfanyisha kazi mgeni, tanuri litazimwa siku hiyo hiyo." Namba ya simu ya uhamiaji ameniandikia kiganjani kwa kalamu, nami sijaifuta. Ninalouliza ni hili: nikipiga, watamwadhibu mwanamke yule peke yake, au watamgusa na mume wangu?

Ni mimi, Mdhamini wa Kwanza.

*

Mdhamini wa Kwanza,

Nenda kanawe mkono kwanza, halafu ndipo uendelee kusoma.

Umenawa? Pole, mwanangu. Wivu unauma na sitakudanganya kwamba hauumi, na neno lile lingenichoma hata mimi. Lakini nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mwizi na sikumwona. Unga ukiwepo, ameguswa. Usipokuwepo, amepanguswa. Sasa mwokaji wa watu atoke vipi jikoni ili awe mwaminifu kwako, akiwa amejifunga nailoni? Kikulacho ki nguoni mwako, na wewe ni fundi nguo, hilo ulipaswa kulijua.

Swali lako la simu nalijibu bila kuzunguka. Usipige. Uhamiaji hawaji kuchagua kama wewe unavyochagua vitambaa. Mjane atatozwa faini, naye ataendelea kuishi mtaa wa pili. Mume wako ndiye atakayewekwa ndani na kurudishwa kwao, na akishaandikwa kwamba alifanya kazi bila ruhusa, kila dirisha atakalolisogelea baada ya hapo litamwuliza habari hiyo.

Na yeye mwambie aache huko "kusaidia tu" kuanzia kesho. Hapa nampiga kofi yeye, si wewe. Serikali hailijui neno hilo. Mtu anayeingia alfajiri akakanda unga wa biashara ya mwenzake ni mfanyakazi, alipwe fedha, alipwe mikate au alipwe asante. Huyo mjane naye kama anampenda mfanyakazi wake amsubiri apate ruhusa.

Tuje kwenye karatasi, maana nyote wawili mmezichanganya. Kibali cha kazi kinachoombwa na mwajiri mara nyingi hufungwa kwa mwajiri huyo na kazi hiyo. Wakigombana juu ya chumvi, kazi imekwenda na ruhusa imekwenda. Kabla hajakimbilia huko, aulize kama mwenzi wa raia anaweza kuomba ruhusa ya kufanya kazi kwa haki ya ndoa yake. Nchi nyingi zinayo njia ya namna hiyo, nyingine huiongeza kwenye kibali kile kile cha kuishi, nyingine hutaka maombi ya pekee, na hapo anaweza kuajiriwa na yeyote au hata kufungua tanuri lake. Aulize pia kuhusu ukaazi wa kudumu. Ndoa ikishakaa miaka kadhaa, mara nyingi mlango huo huanza kufunguka, na yenu si ya jana. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo msinishike mimi shati, ulizeni dirishani au kwa wakili, na yule kijana wa nje ya geti anayesema ana mtu wake ndani mpiteni kama hamkumsikia.

Ila sikiliza vizuri hapa. Njia zote hizo zinaanzia kwenye kibali kilicho hai. Hicho unachokiacha kife kwa kusingizia sare ndicho atakachoombwa kwanza popote atakapokwenda. Akufukuzaye hakwambii toka, na mume wako, pamoja na ugeni wake wa lugha, methali hiyo ataielewa bila mkalimani. Mwanamke mmoja anamtafutia kazi. Mwingine anamficha kalamu. Kisha huyo wa pili ananiuliza mimi kwa nini mume anakwenda kwa wa kwanza huku uso unang'aa. Umesema mwenyewe kwamba mume wako akicheka na kaka zako chakula hakigusi, na hao kaka hukuwahi kuwaambia wanyamaze. Waambie, tena mbele yake.

Dada yako simtukani, anakupenda. Lakini yeye halali kwenye chumba cha nyuma, na siku binti atakapoanza kuuliza baba yuko wapi hatakwenda kumwuliza mama mkubwa.

Kuhusu neno lenu, zungumza na mume wako leo, kwa Kiswahili chepesi. Mwambie, "Neno lile ni langu. Yule mwite mwajiri." Yeye alikuletea habari njema akakushika mikono yote miwili, hakujua anakuchoma, na mpaka sasa hajui kwa sababu badala ya kumwambia yeye umeniambia mimi. Ukishamaliza naye nenda dukani kwa mjane, ununue mkate kwa fedha yako, mwamkie, mtazame usoni. Mwanamke wa kuwaza ana shingo ndefu kuliko yule wa kweli.

Nimelikwepa jambo moja, sasa nalisema. Ikipatikana ruhusa kwa haki yake, na baadaye ukaazi wa kudumu, mume wako hatakuhitaji tena kwa karatasi. Nadhani hilo unaliogopa kuliko mjane na tanuri lake, na sikulaumu, maana hajawahi kukaa na wewe hata siku moja bila ya kukuhitaji, hivyo hujui angefanya nini. Ni vizuri ujue. Kesho mpelekeni mtoto chekechea, mwende uhamiaji pamoja, usaini. Ipo asubuhi inakuja ambayo mtu huyo ataamka akiwa huru kuondoka, ataangalia mlango, halafu atauliza kama sukari imekwisha. Hiyo ndiyo itakuwa siku yako ya kuolewa, na bila kusaini huifikii.