Nianze na ipi?

Maua, nimejifungia stoo ya ofisi, sijui natokaje.

Nilikuwa nachemsha chai kama kila asubuhi, Ipyana akaingia na riwaya tatu zinazotokana na lile gemu lake la majoka.

"Atupele, kesho naondoka Kibaha, nimehamishiwa Masaki ya Kisarawe. Nakuachia hizi. Unaanza na ipi?"

Kesho, Maua! Na mimi ndiyo kwanza nasikia.

Akaendelea kunieleza. Iliyotoka kwanza ndiyo ya mwisho kwa mtiririko wa kisa, ya tatu inarudi majoka yalipozaliwa. Sikushika hata neno. Nilitaka kusema, "Nianze na unayoipenda wewe."

Nikasema, "Nianze na wewe."

NIANZE NA WEWE. Mbele ya Mama Elinipa, mhasibu wetu!

Mama akaangua kicheko: "Haya baba, mwenzio kashachagua!"

Chai ikafurika, nikawa naiangalia tu.

Ipyana, unamjua alivyo mpole, akanitafutia pa kutokea: "Mama, anamaanisha riwaya ninayoipenda. Si ndiyo, Atu?"

Ningeitikia tu, yangekwisha. Mdomo ukakataa.

"Hapana," nikamwambia. "Nilimaanisha wewe."