Kaseti ya Kijapani

Digna, nimetoka kuonana na Shilinde sasa hivi, dukani kwake hapa Ifakara.

Unakumbuka mwaka 96 mashine ya gemu ya kaka Beatus ilivyokufa? Mimi ndiye niliyeshindilia ile kaseti ya Kijapani isiyoingia, mpaka pini zikapinda. Kaka alipouliza, nikamtaja Shilinde, kwa kuwa naye alikuwa ameigusa. Akapigwa, hakuja tena kwetu.

Leo ameniambia, "Evelina, nisamehe kwa ile mashine. Hadi leo wanangu nawakataza kugusa vitu vya watu."

Yeye ndiye ananiomba msamaha, Digna. Yeye.

Nami nikamjibu, "Yameisha."

Nimesema yameisha, nikatoka.

Nimesimama barabarani. Narudi ndani kumwambia. Usinipigie, nitaghairi.